Usizidishe Mshahara, Hesabu Kinachobaki

(Mazungumzo niliyoyatoa Qalhat, Oman, mbele ya Waswahili wa Sur na vijiji vya jirani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza utani na kuongeza tarakimu chache kwa ajili ya ndugu zetu wa nyumbani.)



  Nimeombwa nizungumze juu ya gharama za maisha, kwa kulinganisha nyumbani na hapa, kabla mtu hajafunga begi lake. Mimi si mchumi. Ni muuguzi, nina shahada ya uuguzi, nimefanya kazi hospitali ya serikali Unguja na tangu Septemba 2018 nafanya kazi katika kliniki ya binafsi upande wa Sur. Naishi hapa Qalhat kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu kuliko mjini. Kwa hivyo nitasema ninayoyajua, na hesabu nitakazotoa ni za daftari langu mwenyewe.

Kila wiki napata ujumbe kutoka nyumbani. Wengi ni wauguzi wenzangu wa Unguja, Pemba, Tanga na Dar es Salaam. Swali lao ni moja: "Dada, huko wanalipa ngapi?" Nikitaja riali, papo hapo mtu anazidisha kwa shilingi, halafu ananyamaza kidogo, halafu anaandika: "Mashallah!" Hapo ameshaamua. Tena ameamua kwa hesabu ambayo haipo popote duniani, kwa sababu hakuna mtu anayelipwa kwa riali akala kwa shilingi. Ukilipwa kwa riali unakula kwa riali, unapanga kwa riali, na ukiumwa jino unang'oa kwa riali.

Riali ya Oman ni pesa nzito, sikatai. Tangu 1986 imefungwa na dola ya Marekani, riali moja ni dola 2.6, haipandi wala haishuki. Inayocheza ni shilingi yetu. Nilipokuja 2018 riali moja ilikuwa kama shilingi 5,900. Mwaka 2024 ilifika karibu 7,000, halafu ikarudi chini. Kwa hivyo hata huko kuzidisha kwenyewe kunabadilika kila mwaka, na anayepanga maisha ya miaka 2 kwa bei ya riali ya leo anajenga juu ya mchanga.

Sasa tulifungue hilo daftari. Kabla sijatia saini mkataba nilikaa na shangazi yangu kwenye simu siku tatu. Yeye anaishi Sur miaka mingi. Kila kitu nilimuuliza bei: chumba, umeme, mchele, mkate, mafuta ya gari, hata sabuni. Nikapanga safu mbili, nyumbani na huko. Mwaka wangu wa kwanza hapa ukaja kuthibitisha tarakimu zile, kasoro mambo madogo madogo.

Safu ya nyumbani, 2018. Mkononi nilikuwa napata shilingi 620,000 kwa mwezi. Nilikaa nyumba ya familia na mama yangu na binti yangu, kwa hivyo kodi ya nyumba hakuna. Chakula, sehemu yangu, 180,000. Daladala 21,000. Umeme na maji 30,000. Simu 20,000. Skuli na chuo cha Qur'ani cha mtoto 40,000. Nguo, harusi na misiba 60,000, na nyinyi wanawake mnajua kwetu harusi haziishi. Kusaidia jamaa 50,000. Jumla 401,000. Kinachobaki: 219,000. Kwa riali za wakati ule ni kama 37.

Safu ya Oman. Wakala mmoja, jina lake nalihifadhi, aliniambia kwa mdomo riali 550. Karatasi ilipokuja ilisema 400: msingi 280, nyumba 80, usafiri 40. Nikafuata karatasi, mdomo nikauacha. Basi 400 kwa mwezi. Kwa shilingi ni 2,360,000, karibu mara nne ya mshahara wangu wa Unguja. Hapa ndipo watu wanaposema mashallah. Tuendelee.

Kodi ya nyumba, vyumba viwili Qalhat, riali 90. Umeme na maji, ukichanganya baridi na joto, 20. Chakula 60. Gari nilinunua kuukuu kwa riali 1,080, nikalipa 45 kila mwezi kwa miezi 24, maana kutoka hapa hadi kazini na zamu za usiku huwezi bila gari, na daladala za kwetu hapa hakuna. Mafuta 20. Bima, mulkiya na matengenezo, ukigawa kwa mwezi, 12. Simu na intaneti 15. Nyumbani kwa mama na mtoto 75. Nguo, michango na dharura 15. Jumla 352. Kinachobaki: riali 48.

Ndugu zangu, isikilizeni hiyo vizuri. Mshahara mara nne, lakini kilichobaki ni 48 kwa 37. Kwa shilingi ni 283,000 kwa 219,000. Tofauti ni shilingi 64,000 kwa mwezi. Na kabla sijapata mshahara wa kwanza nilikuwa nimeshatumia shilingi 1,800,000: kuhakikisha vyeti kupitia Dataflow, mtihani wa Prometric, mihuri ya wizara, pasipoti, vipimo vya afya, safari za Dar es Salaam. Gawa 1,800,000 kwa 64,000. Unapata miezi 28. Mkataba wangu ulikuwa miezi 24!

Mtu ataniuliza, sasa kama ulilijua hilo ulikuja kufanya nini? Swali zuri, nitalijibu mbele. Kwanza nataka tukubaliane kwamba hesabu ya kweli ni ya kutoa, si ya kuzidisha. Utoe huku, utoe na kule, halafu ulinganishe mabaki.

Kuna mambo hapa yananunulika rahisi kuliko nyumbani, lazima niseme kwa uadilifu. Mafuta ya gari ni mojawapo. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeweka ukomo wa bei, petroli haizidi baisa 229 au 239 kwa lita kulingana na aina, yaani kama shilingi 1,500 hivi. Kodi ya mshahara hatukatwi. Sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi imeshatoka 2025, lakini inaanza 2028 na inamgusa mwenye zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, sasa muuguzi gani huyo? Kodi ya ongezeko la thamani iliingia Aprili 2021, asilimia 5, na vyakula vingi vya msingi vikaachwa nje. Barabara nzuri, umeme haukatiki ovyo, maji yapo.

Lakini umeme huo nao una bei yake. Tarehe 26 Juni 2018, miezi michache kabla sijafika, mji wa Quriyat, hapo tu mbele kwenye njia ya Muscat, ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku kucha! Dunia nzima iliandika habari ile kwa kuwa haijawahi kuonekana. Kiyoyozi kwetu Unguja ni anasa ya hoteli. Hapa kuanzia Mei mpaka Septemba ni kama dawa ya presha, ukikosa unaumwa. Bili yangu ya Januari ni riali 8, ya Julai inapita 35. Anayekutajia bei ya umeme muulize ni ya mwezi gani.

Na chakula. Ibn Battuta alipopita hapa Qalhat karne ya 14 aliwasifu sana samaki wa hapa, akaeleza wanavyochomwa juu ya majani na kuliwa kwa wali, na akataja kwamba mchele wenyewe unaletwa kutoka India. Ni yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa 1331. Miaka 700 imepita, samaki wa Qalhat bado ni watamu na bei yake ufukweni asubuhi ni nzuri, na mchele bado unatoka India. Vingi tunavyokula hapa vimevuka bahari. Kule nyumbani muhogo naung'oa nyuma ya nyumba, au jirani ananiletea bila ya kuombwa. Hapa muhogo ni kitu cha kwenda kukitafuta dukani, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni kama zawadi. Asiyeweza kuacha mapishi ya kwetu, chakula chake kitafika riali 80 badala ya 60.

Hapo ndipo nakuja kwenye kitu ambacho safu ya nyumbani haionyeshi. Nyumba ya mama haina kodi, kwa hivyo kwenye daftari imeandikwa sifuri. Jirani anayemwangalia mtoto nikiwa zamu ya usiku, sifuri. Shemeji fundi bomba, sifuri. Anayenipa lifti mvua ikinyesha, sifuri. Siku ukiondoka ndipo unapojua kwamba sifuri hizo zote zilikuwa pesa. Hapa kila sifuri ina risiti. Na kule ulikotoka zinaanza kulipiwa pia, maana ukishaondoka anayemwangalia mtoto wako si tena jirani wa kusaidiana, ni mtu anayemlelea mwanao "aliyeko Arabuni", na mtu wa Arabuni anadhaniwa ana kisima cha mafuta uani. Michango ya harusi inapanda. Mgonjwa wa ukoo ni wako. Riali 75 zangu za nyumbani ndani yake kuna dawa za mama za sukari na presha, chakula, skuli, na posho ya binamu yangu anayelala pale nyumbani. Nilipokuwepo mwenyewe posho hiyo haikuwepo, kwa sababu binamu ni mimi.

Na yapo yasiyoandikika kabisa. Binti yangu alikuwa na miaka 4 nilipomwacha. Leo ananizidi urefu kwenye picha za simu. Mimi kazi yangu ni kushika watu mkono wakiumwa, na malaria mbili za mwanangu nimezisikia kwenye simu. Siisemi hii ili mnionee huruma, kila aliyekaa hapa ana yake. Naisema kwa sababu anayelinganisha gharama aiandike nayo, hata kama hajui aiandike kwa riali ngapi.

Sasa nilikuja kwa nini? Nilikuja kwa sababu kwenye daftari lile lile, chini ya safu mbili, niliandika namba mbili nyingine. Ya kwanza ni kiasi, ya pili ni tarehe. Kiasi ni pesa za kumaliza nyumba ya mama na kubakisha akiba ya kumsomesha binti mpaka chuo kikuu. Tarehe ni miaka 8, basi. Nilijua miaka 2 ya mwanzo ni ya kulipa gari na kurudisha gharama. Faida inaanza mwaka wa tatu. Gari lilipokwisha, baki langu likaruka kutoka 48 hadi 93 bila ya mshahara kuongezwa hata baisa moja. Anayekuja kwa mkataba mmoja wa miaka 2, alipiwe nyumba na usafiri, la sivyo anakuja kutalii.

Nikupeni mfano. Muuguzi mmoja wa Wete, mama wa watoto wawili, aliniandikia: "Dada, nimepata mkataba wa riali 350, hawatoi nyumba. Gharama za kuja ni milioni mbili na nusu. Niuze kiwanja?" Tukakaa kwenye simu tukapiga hesabu. Nyumba 90, umeme 20, chakula 60, usafiri wa kuchangia gari 25, simu 15, watoto na anayewalea 100. Jumla 310. Baki 40. Kule Wete baki lake lilikuwa shilingi 150,000, kwa bei ya riali 6,500 ni kama 23. Tofauti riali 17. Kwa miezi 24 ni riali 408, yaani shilingi 2,652,000. Toa 2,500,000 za kuja. Zinabaki 152,000. Nikamwambia mdogo wangu, hii ni miaka miwili bila ya wanao kwa shilingi laki moja na nusu, na kiwanja huna tena. Akarudi kwa mwajiri akaomba chumba au nyongeza. Wakakataa. Kiwanja hakikuuzwa.

Kwa hivyo nyinyi mnaosoma mkiwa nyumbani, kabla ya kutia saini ulizeni haya.

Moja, mshahara wa msingi ni ngapi? Msiulize jumla peke yake. Kiinua mgongo cha hapa kinahesabiwa kwa msingi. Sheria ya kazi ya 2003 ilitoa siku 15 kwa kila mwaka kwa miaka mitatu ya mwanzo, halafu mwezi mmoja kwa kila mwaka. Sheria mpya ya 2023 imeweka mwezi mmoja wa msingi kwa kila mwaka tokea mwanzo. Ukiwa na msingi wa 280 na mwenzio ana jumla sawa na yako lakini msingi wake 350, kila mwaka amekuzidi riali 70 bila ya kutoka jasho. Na ulizeni pia mfumo wa akiba ya wafanyakazi wageni, uliomo katika sheria ya hifadhi ya jamii ya 2023, umefikia wapi siku hiyo.

Mbili, nyumba ipo au inatolewa posho? Posho ya 80 haipangi nyumba ya 80 kila mji.

Tatu, nani analipa leseni ya kazi, vipimo, tiketi ya kuja na tiketi ya likizo? Na likizo kila baada ya muda gani?

Nne, mkataba ni wa mtu peke yake au wa familia? Kama ni wa familia, ulizeni ada ya skuli. Wengi wetu wa huku watoto wetu wanasoma skuli za Kihindi kwa ada, skuli ya serikali ya bure si yetu.

Tano, ukitaka kuhama kwa mwajiri itakuwaje? Zamani ukimaliza mkataba bila ya barua ya ruhusa ya kafili wako ulisubiri miaka 2 nje ya nchi. Tangu tarehe 1 Januari 2021 kikwazo hicho kimeondolewa kwa anayemaliza mkataba. Haya ni mabadiliko makubwa, na wengi nyumbani bado hawayajui.

Na sita, msilinganishe na mshahara wa nyumbani wa zamani. Mtu aliyetoka 2015 anasema "huko mnalipwa nini?" Mei mosi 2025 Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Zanzibar ina viwango vyake. Mizani ina sahani mbili na zote zinatembea.

Haya yote nimeyasema kwa mtu mwenye cheti. Dada zetu wanaokuja kufanya kazi za majumbani hesabu yao ni nyingine. Wao chakula na chumba wanapewa, kwa hivyo kwenye karatasi riali 80 zote zinaonekana ni baki, na ndiyo maana wanakuja. Lakini sheria ile ya kazi ya 2023 haiwagusi, wana kanuni zao mbali. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania katika kazi za majumbani Oman na Falme za Kiarabu, ikaeleza pasipoti kuchukuliwa, saa za kazi zisizokwisha na mishahara kukatwa. Wapo waajiri wema, na hapa tulipo mnawajua. Lakini hesabu inayotegemea wema wa mtu mmoja ni bahati nasibu. Msichana wa namna hiyo asiulize bei ya mchele. Aulize pasipoti yangu itakaa na nani, simu yangu nitakuwa nayo, na ubalozi wetu Muscat una nakala ya mkataba wangu?

Ndugu zangu, nimalizie kwa upande wa siasa, maana najua mlikuwa mnaungoja.

Wazee wa hapa wanakumbuka wakati mizani hii ilikuwa kinyume. Majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na tende na papa wakavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Na watu wakashuka nayo. Kutoka Ibra, Mudhaibi na Sur walikwenda Unguja na Pemba kutafuta maisha, kwa sababu huku hakukuwa na kitu. Mpaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli 3 za serikali na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10. Mzee mmoja wa Ibra aliniambia babake aliuza mitende yake kulipa nauli ya jahazi, akenda kuuza duka Pemba. Mitende yake ndiyo kiwanja cha yule dada wa Wete. Halafu yakaja Mapinduzi ya 1964, halafu Julai 1970 akashika nchi Sultan Qaboos, akawaita Waomani walioko nje warudi wajenge kwao, na walimu na madaktari na mafundi waliotoka kwetu wakapokewa kwa mikono miwili. Lugha ya Kiswahili mnayoisikia ofisini Muscat imetoka huko.

Waliporudi walikuta kazi inawangoja. Hilo ndilo la kujifunza. Serikali zetu, ya Muungano na ya Zanzibar, kila mwaka zinatwambia diaspora leteni fedha, wekezeni. Sawa, tunaleta, riali 75 zangu hazijachelewa mwezi hata mmoja. Lakini Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Orodha ile inawaambia matajiri wasiende kuwavuta wauguzi wa nchi hizo. Na Abuja 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Sasa mimi nikirudi na uzoefu wangu wa miaka 8 nitapokewa kwa daraja gani? Miaka hiyo itahesabiwa kazini au nitaanza na wanaotoka chuo leo? Mchango wangu wa pensheni uliokatika nauunganishaje? Hayo ndiyo ninayotaka kuyasikia kwenye mikutano ya diaspora. Fedha zetu wanazihesabu vizuri, sisi wenyewe bado.

Na kwa wenzangu wa huku. Miaka yangu 8 inakaribia. Nyumba ya mama imeezekwa, ina umeme na maji. Akiba ya binti haijatimia yote lakini imepita robo tatu. Kliniki wameniambia niongeze miaka 2, na wengi wenu mmeniambia "ongeza, huko kuna nini?" Mimi nitarudi. Wizara ya Afya ya hapa nayo, kwa haki yake, inazidi kuwaajiri vijana wake katika nafasi za wageni, hata ningetaka kukaa nisingekaa milele. Ajira ya ugenini ni ya kuazima. Mwenye kuazima akijua siku ya kurudisha hulala usingizi.

Kwa hivyo anayetaka kuja aje, milango ya Sur na Qalhat i wazi na chai ya karak tutamnywesha. Lakini aje na daftari lenye safu mbili, na chini yake kiasi na tarehe. Akiniuliza "huko wanalipa ngapi?" nitamjibu kwa swali: "Kwako kinabaki ngapi, na unamwacha nani?"

 Penye kosa mnisahihishe, na mwenye hesabu zake za Nizwa, Muscat au Salalah atuandikie tulinganishe.